Kompyuta Iliyozimika Kila Nikiondoka

Mimi ni mtu wa Linux. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili usije ukadai hukuonywa. Siku ya harusi yangu, kompyuta ya mtu wa muziki iliamua kujisasisha wakati tunakata keki. Ukumbi mzima ukanyamaza, na mimi nikanyanyua gauni langu kwa mikono miwili nikamfuata kule kwenye spika kumweleza kuwa tatizo si yeye, tatizo ni mfumo anaotumia. Mume wangu alikuja kunirudisha kwa kunishika kiwiko. Kwenye albamu ipo picha moja nimeinua kidole juu na mdomo uko wazi. Watu wakiiona husema, "Hapa ulikuwa unaimba."

Nina msimamo juu ya kila kitu chenye swichi. Naamini zile programu za kusafisha simu ndizo zinazoichafua simu. Naamini mtu anayepiga picha hati ya kurasa arobaini, ukurasa mmoja mmoja, kidole chake kikionekana pembeni, halafu akazimwaga zote kwenye grupu la ofisi, ana jambo lake na sisi. Naamini flashi iliyopita steshenari mbili za mjini humu haifai kuchomekwa kwenye kompyuta ya mtu unayempenda, kwa sababu itageuza mafaili yake yote kuwa shotikati, na shotikati hizo hazifiki popote. Na kuliko vyote, naamini kwamba kupiga windo si dawa.

Kupiga windo, kwa aliyebahatika kutolijua neno hili, ni kufuta kila kilichomo kwenye kompyuta na kuweka Windows upya. Mafundi wa Dar wanaiandika kama panadoli. Kompyuta imekuwa nzito? Piga windo. Haitoi sauti? Piga windo. Kibodi imemwagikiwa uji? Tupige windo kwanza, halafu tuone. Mimi nilipokuwa chuo niliachana na windo nikahamia Linux, nikakaa wiki tatu bila sauti, bila printa na bila marafiki, na tangu hapo nimekuwa nikimshauri kila mtu afanye hivyo hivyo.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu, maana habari hii ni yake.

Tulikuwa tumeoana miezi saba, tunakaa Kimara, na kila Jumamosi tulikwenda kumsalimia kwake Tabata. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Njombe, mwanamke mrefu anayetembea taratibu na kukutazama kana kwamba ana kalamu nyekundu mkononi. Alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na shida yangu. Wakwe zake wengine wawili, wake wa kaka za mume wangu, wakifika walipitiliza moja kwa moja jikoni, na baada ya dakika tano ungesikia, "We, nani kakwambia ndizi zinakatwa hivyo?" Wanacheka, wanajibizana, sufuria zinagongana. Mimi nilikalishwa sebuleni. Nililetewa soda kwenye trei, na glasi iliyofunikwa kwa kitambaa kidogo cha kufuma chenye shanga pembeni. Nikisimama tu, naambiwa, "Kaa, mkwe, kaa. Umetoka mbali."

Kimara si mbali. Nilikaa hivyo hivyo, nikanywa soda miezi saba, na nilikuwa na wivu na watu wanaogombezwa kwa sababu ya ndizi.

"Mama hana tatizo na wewe," mume wangu aliniambia siku moja tukiwa tunarudi. "Anakuheshimu sana."

"Ndiyo tatizo lenyewe," nikamjibu. "Mgeni ndiye anaheshimiwa hivyo. Mie nataka anitume."

"Akutume wapi?"

"Popote!"

Mume wangu ni mtu mpole, akadhani natania. Lakini nilikuwa nimesema kweli. Kupika sijui sana, kusuka sijui, kuimba ndiyo usiseme. Kitu pekee ninachokijua duniani ni kompyuta, na nilikuwa nawaza nitaingilia wapi katika nyumba ile kwa mlango huo mmoja.

Mlango ukafunguka wenyewe. Watoto wake walikuwa wamemnunulia kompyuta ya mezani alipostaafu, ile yenye kioo chake, na boksi lake la pembeni ambalo sote tunaliita sipiyu. Aliitumia kuandika kitabu cha ukoo. Nani alimzaa nani, nani alihamia wapi, nani aligombana na nani na kwa sababu ya ng'ombe gani. Ukoo ungekutana Njombe mwezi wa Desemba, na kitabu kilitakiwa kuwepo. Jumamosi moja, baada ya kuniwekea soda, alikaa pembeni ya kiti akaunganisha vidole vyake.

"Mkwe, samahani kukusumbua. Wewe ni mtu wa kompyuta. Hii yangu inazimika."

Nilikaribia kumwaga soda kwa furaha.

"Inazimikaje, mama?"

"Naandika, naandika, kama nusu saa hivi, inakata. Pu! Kama mtu kavuta waya. Nikiiacha ipumzike inawaka tena, halafu inakata tena."

Hapa naomba radhi kwa mafundi wote wanaosoma. Mnajua swali la kwanza ni lipi. Kila fundi anajua. Mimi sikuliuliza, kwa sababu tayari nilikuwa na jibu, na jibu hilo nilikuwa nalo tangu chuo. Nikauliza swali langu mwenyewe.

"Imewahi kupigwa windo?"

"Fundi wa hapo steshenari ameipiga mara mbili."

Nikaegemea kiti. Kesi imekwisha. Nikamweleza mama mkwe, kwa upole wa daktari, kwamba mfumo uliomo ndani umechoka, umelundikana, umebeba vitu visivyokuwa na kazi, na kwamba huyo fundi kila anapoupiga upya anarudisha tatizo lile lile likiwa limeoga. Nilizungumza muda mrefu. Nilitumia mikono. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mkaguzi.

"Kwa hiyo fundi ndiye kaniharibia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema tusubiri tuone.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Yule fundi ni mwanaume wa rika langu, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisani kwao, na alikuwa amemchapia mama mkwe mitihani ya shule kwa miaka. Tangu siku ile mama mkwe hakumpelekea hata karatasi moja ya kutoa kopi. Akawa anatembea hadi steshenari ya kule barabarani, juani, na mwavuli wake. Ibada ikiisha, fundi akija kumwamkia, mama mkwe alijifanya anatafuta miwani kwenye mkoba. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo mimi nilikuwa nashughulika na ukombozi.

Jumamosi iliyofuata nilifika na flashi yangu. Kompyuta ilikuwa imekaa mezani inanisubiri, imefutwa, inang'aa, haina kitu juu yake. Nikaihamisha kutoka windo kwenda Linux mbele ya macho ya mama mkwe, nikimweleza kila hatua ingawa hakuwa ameuliza. Ilipowaka alitokea yule pengwini wa Linux.

"Huyu bata ni wa nini?" akauliza.

"Ni pengwini, mama. Ndiye alama yao."

"Mh." Akamsogelea kwa miwani. "Amekula sana."

Kuanzia hapo mfumo ule ukaitwa bata, na mimi niliyetumia miaka kupigania heshima yake sikuweza kufanya lolote. Lakini kusema ukweli, mama mkwe alijifunza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Alinunua daftari la mistari. Upande wa kushoto aliandika "Windo ilikuwa hivi", upande wa kulia "Bata yuko hivi". Jumatatu hadi Ijumaa alijipa majaribio, akajisahihisha kwa kalamu nyekundu, na Jumamosi alinionyesha maksi. Kuhifadhi faili, kumi kwa kumi. Kutafuta faili alilolihifadhi, nne. "Nilifanya haraka," akasema kwa aibu. Ana miaka sitini na saba. Mimi nikajiona mtume.

Jumanne simu ikaita nikiwa ofisini Ubungo.

"Mkwe, samahani. Bata amezimia."

Jumamosi nikaenda. Kompyuta ilikaa mezani, imefutwa, inang'aa. Nikaiwasha. Saa moja ikapita, saa mbili, saa nne. Haikukata. Nilichezesha video tatu kwa wakati mmoja. Nilifungua kila kitu kinachofunguka. Nikaweka kiganja juu ya boksi nikasikia ubaridi kama wa mtungi. Nikafungua boksi lenyewe kwa bisibisi ya mume wangu nikatazama ndani, na humo ndani hamkuwa na vumbi hata chembe. Tabata yote ina vumbi. Majani ya mti wa jirani yana vumbi. Ndani ya ile sipiyu ungeweza kulia chakula.

"Mama, unaitunza kompyuta yako!" nikamsifu.

"Naifunikaga," akasema, na uso wake ukanawiri.

Nikamwambia hongera. Hebu fikiria. Aliniambia kwa mdomo wake mwenyewe, mume wangu akiwa shahidi, na mimi nikampa hongera nikafunga skrubu.

Siku zikaenda hivyo. Katikati ya wiki inazimika, Jumamosi inakaa vizuri. Nikasema ni umeme wa Tabata, tukamnunulia betri ya akiba. Ikazimika. Nikasema ni pawa saplai, nikabadilisha. Ikazimika. Nikabadilisha ramu. Nikabadilisha waya wa ukutani. Nikahamishia bata mwingine mpya zaidi, ambaye hakuwa na shida na chochote ila alitaka ajifunzwe upya, na mama mkwe akafungua daftari la pili. Kila Jumamosi nilifika na nadharia mpya, nikaondoka nimeshinda, na kila Jumanne nilipigiwa simu.

"Labda inakuogopa," mume wangu akasema.

"Kompyuta haiogopi mtu."

"Ina adabu mbele ya wageni," mama mkwe akasema, akiniongezea soda. "Kama watoto wa shule mkaguzi akija."

Alisema kunifariji. Mimi neno "wageni" nilirudi nalo mpaka Kimara.

Fundi naye alikuwa amepata habari. Jumamosi moja nilipita dukani kwake kununua gundi, nikamkuta anatoa kopi za vyeti vya watu, foleni imejaa mpaka nje.

"Sista, nasikia bata bado anazimia?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Mie ushauri wangu ni ule ule. Piga windo tu."

Nilijua sipaswi. Nikatoa mhadhara pale pale, juu ya uhuru wa mtumiaji, juu ya kampuni kujua unachoandika, juu ya kujisasisha bila hodi kama mwenye nyumba anayeingia ukiwa unaoga. Mama mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi aliuliza kama hiyo inahusiana na kopi yake. Fundi akasema haihusiani. Nikasahau kununua gundi.

Mwezi wa kumi ukafika na kitabu cha ukoo kilikuwa kimeishia kwa babu wa tatu. Baba mkubwa wa mume wangu, aliye Njombe, alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza kimefika wapi. Mama mkwe hakunilaumu. Laiti angenilaumu! Alisema tu, "Utakuwa umechoka, mkwe. Labda tuiache." Na hapo nilitishika kwelikweli. Kama ningeshindwa hata kompyuta, nilikuwa nimebakiwa na nini katika nyumba ile? Ningenyweshwa soda mpaka kufa.

Basi ikatokea Jumatano moja nilikuwa na mafunzo Buguruni, na mkufunzi hakutokea. Saa tano asubuhi tukaambiwa tuondoke. Tabata ilikuwa karibu, nikaona nipite. Sikupiga simu. Sijui kwa nini sikupiga, siku zote tulipiga, mume wangu alikuwa na desturi ya kusema, "Mama, kesho tunakuja," na yeye akajibu, "Karibuni sana."

Nikapiga hodi. Sauti yake ikatoka uani, "Pita, mlango uko wazi!" bila hata kuuliza nani.

Nikaingia sebuleni, nikasimama.

Sikuwahi kuiona sebule ile katikati ya wiki. Viti vimevaa. Redio imevaa. Friji imevaa kitambaa kirefu chenye maua, rimoti ziko ndani ya nailoni zimefungwa mpira, na jagi la maji lina kofia. Kioo cha kompyuta kilikuwa wazi, kinaonyesha habari za babu wa nne, na kitambaa chake kimekunjwa vizuri pembeni. Lakini sipiyu ilikuwa imevaa. Imevaa haswa. Kitambaa cha kufuma, cheupe chenye pindo za damu ya mzee, kimefumwa safu mbili kwa vipimo vyake, kina pembe zake, kina mfuko wa kuwekea mausi, kimeshuka mbele, kimeshuka ubavuni, na nyuma, kule feni inakotolea pumzi, kimefungwa kwa utepe. Ungeiona ungedhani inapelekwa kipaimara.

Nikaweka kiganja changu. Pasi. Ilikuwa na moto wa pasi. Na kabla sijaondoa mkono, ikakata mbele yangu. Pu!

Nilikaa chini kwenye kapeti. Yote yalinijia kwa mpigo. Mama mkwe wangu akisikia mgeni anakuja, anaivua. Fundi akija kuitazama, anaivua. Anavua vitambaa vyote, anavifua, anavikunja chumbani, na kompyuta anaiacha wazi ili mgeni afanye kazi bila kusumbuka. Mgeni akiondoka, anaivalisha tena. Miezi miwili nilikuwa natafuta ugonjwa ambao mtu wa nyumbani angeuona siku ya kwanza, alipopita tu kwenda jikoni.

Naungama nilichowaza baadaye, maana sikuwaza kizuri. Niliwaza kukifungua kile kitambaa kimya kimya, kuiwasha kompyuta, na kusema bata wa toleo jipya ametibu. Ningemshauri asiifunike tena, kwa sababu za kitaalamu, asingeniuliza ni zipi. Ningebaki mtaalamu. Utepe ulikuwa tayari kwenye vidole vyangu alipoingia kutoka uani, khanga kiunoni, mikono ina maganda ya maharage.

"Yesu wangu!" akashtuka. "Mkwe! Hukusema unakuja! Mbona hukusema?" Akaikimbilia kompyuta, aanze kuivua. "Nyumba iko hivi, jamani, ngoja, ngoja niivue..."

"Mama, shikamoo. Iache."

"Marahaba. Huwezi kufanya kazi ikiwa hivi."

"Ndiyo maana nasema uiache, mama. Nayo haiwezi."

Akasimama. Nikamweleza. Safari hii sikutumia mikono. Nilisema kompyuta inapumua kwa nyuma na kitambaa kimeiziba, inapata joto, inajizima isiungue. Nilisema swali la kwanza la fundi yeyote ni kama kompyuta inapata hewa, na mimi sikuliuliza. Akavuta kiti akakaa, akafuta mikono kwenye khanga, na maswali yakaanza, moja moja, kama ya mtihani.

"Kwa hiyo windo yangu haikuwa na kosa?"

"Haikuwa na kosa, mama."

"Na umeme?"

"Haukuwa na kosa."

"Na ile betri mliyoninunulia?"

"Haikuhitajika sana."

"Na fundi?"

Hapo nilitazama kapeti.

"Nakuuliza, na fundi?"

"Hakukuwa na kosa lake. Nilimsingizia."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"Nina digrii, mama."

"Digrii," akasema, polepole, kama mtu anayesoma neno ubaoni kwa mara ya kwanza.

Halafu akanigombeza.

Sijui nielezeje. Alianza kwa Kiswahili, akaingia kwenye Kibena ambacho sikijui, akarudi, akaenda tena. Alisema miezi miwili hajamwitikia salamu mtoto wa watu, mwimbaji, wanapokea meza ya Bwana pamoja huku yeye anatafuta miwani aliyoivaa. Alisema amejaza madaftari mawili, kwa umri wake, amejipa nne kwa kumi, kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwepo. Alisema baba mkubwa anampigia kila Jumapili na yeye anamwambia watu wa kompyuta wanashughulikia, watu gani, kumbe ni kasichana kanakotoa hotuba! "Na nilikwambia naifunika! Nilikwambia kwa mdomo wangu!"

"Ulisema, mama."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hongera."

"Hongera! Masikio yako yako wapi, we mtoto?"

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba naweza kumrudishia windo yake kesho yake.

"Thubutu!" akasema. "Nimeshamzoea bata. Umguse uone."

Na hakumwacha. Kitabu cha ukoo kilimalizwa na bata na kikafika Njombe Desemba kikiwa na kurasa tisini, na ile nguo ya sipiyu haikutupwa. Aliifumua nyuma akaiwekea tundu la mviringo lenye pindo, feni ikapata pa kutolea pua. Lakini hayo ni ya mbele. Jumatano ile alikuwa bado amesimama juu yangu, na mimi nimekaa kapetini nimeinamisha kichwa, nina aibu mpaka masikio yanawaka. Nilikuwa na haki ya kulia. Ila chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine kinacheza, nikawa nauma mdomo nisitabasamu. Tangu niliposema "iache" hakuwa ameniita mkwe hata mara moja. Hakusema samahani. Hakuna mtu aliyenipa soda.

"Inuka hapo," akasema. "Vua hivyo viatu vyako vya ofisini. Unakwenda kwa fundi sasa hivi, unamwomba radhi mbele ya watu wake, kama ulivyomsema mbele yangu. Ukitoka huko pita gengeni, vitunguu vitatu na nyanya. Na usikae huko kupiga domo."

Nikavaa kandambili zake, zimenizidi vidole viwili, nikatoka napiga kelele barabarani kama farasi.

Kwa fundi palikuwa na foleni. Nikasimama mbele ya wote nikasema nimekuja kuomba radhi, nilimsingizia, kompyuta ya mama haikuharibiwa na yeye. Fundi akashusha kifuniko cha mashine ya kopi. Akatazama uso wangu, akatazama zile kandambili.

"Umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Ilikuwa nini?"

"Kitambaa. Anaifunika, halafu watu tukija anaivua."

Akafikiri kidogo. "Loh. Mie mwenyewe nilikwenda kwake mara mbili, sikukiona." Akacheka mpaka akashika kaunta, na mimi nikacheka, na foleni ikacheka bila kujua kwa nini. Kisha akakaza uso. "Lakini sista, windo ilikuwa inasaidia kidogo. Ukiipiga inachukua kama saa mbili, na muda wote huo inakuwa imevuliwa."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilikuwa na mhadhara mzima. Nikamwambia mama ananisubiri na vitunguu.

Nilirudi mbio, nikapita sebuleni bila kukaa, nikapitiliza hadi jikoni, nikaweka mfuko juu ya meza. Mama mkwe akaufungua, akatoa nyanya moja moja akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mbili zilikuwa zimeoza kwa chini. Akaninyooshea.

"Ndiyo umechagua hizi? Huna macho? Rudisha, abadilishe."

Nikasema ndiyo mama, nikazichukua, nikatoka tena kwenye lile jua nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku ya harusi.